Upindo

Asubuhi nilinunua mabakuli mawili ya faluda pale Kibokoni,
nikazamisha zabibu mojamoja katikati,
nikawaambia wanafunzi: hili ndilo jicho lenu la kwanza.
Twalib alicheka. Nyevu hakucheka,
alikuwa akiitazama zabibu ilivyotulia.

Jeli iwe nyingi, nikasema, msiionee choyo.
Kichwa cha mashine kielee, kisikanyage.
Kidole cha mwisho kiegemee mfupa wa paji
kama mtu aliyeegemea ukuta wa jirani, angoja kufunguliwa.
Faluda ikibonyea mmeshapofusha mtu.

Twalib akabonyeza.
Zabibu ikachomoka, ikaanguka sakafuni,
na kunguru wa dirishani akaiona kabla yetu.

Kisha wakapimana wao kwa wao, kope zimefumbwa,
jeli baridi ikitiririka hadi masikioni.
Kwenye skrini jicho ni duara la giza,
jeusi kama kisima cha msikiti usiku.
Mbona ndani hamna mwanga? Nyevu akauliza.
Nikamwambia, weusi ndio uzima:
sauti yapita majini bila kukutana na mtu.
Ogopa cheupe kinachoelea.

Na jicho lililotoboka, hilo msiliguse.
Wekeni mashine chini. Niliwarudia mara tatu,
ya tatu nikawaandikisha viganjani.

Saa tano tukaingia wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na nne.
Bi Maimuna Shee, mshona kofia za viua,
miaka thelathini na minane akitoboa vijitundu,
uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe.
"Jito langu la kushoto," akasema, "lashuka pazia tangu juzi.
Laanzia pembeni, laja puani."
Nami nimekua nikiambiwa macho hayana pazia.

Nyevu akapasha mikono kwanza. Hilo sikumfundisha.
Fumba, mama, bila kubana.
Tazama kulia, kope zikiwa vivyo hivyo. Sasa kushoto.
Ndani ya lile giza ukatokea utepe,
mweupe, mwembamba, umeshikwa shina moja tu huko nyuma;
ukapunga,
jicho likasimama, nao ukapunga tena.
Twalib akavuta pumzi kwa sauti.
Nikamkanyaga mguu.

Lakini sikio la mshonaji limezoea kusikiza sindano.
"Mwaona nini?"
Kimya. Feni. Mashine ikililia betri.
Maneno nilikuwa nayo, yote ya vitabuni,
kila moja limevaa viatu.
Nyevu akanitazama, kisha akafanya nisilomruhusu:
akaigeuza skrini upande wa jicho zima.
"Tazama mwenyewe, mama. Huu ni ukuta wa ndani wa jicho.
Umebanduka."

Bi Maimuna akalikodoa lile moja, muda mrefu,
kama anayekagua kazi ya mwari wake.
"Si ukuta," akasema. "Huo ni upindo, umefumuka.
Na upindo hurudishiwa mapema,
kabla mtu hajauvuta."

Nikaandika barua ya rufaa kwa mkono unaokimbia:
upasuaji, leo, si kesho, katikati bado pameshika.
Akaniuliza kama ataliona tena tundu la sindano.
Nikasema sijui.
Nyevu akamfuta jeli kwa shashi,
kutoka kope kwenda sikioni, asirudi nyuma.

Tangu siku ile darasani nasema upindo.
Wanafunzi wapya huandika.
Mmoja huuliza, ni kitabu gani hicho, ukurasa wa ngapi.

Jioni bakuli la pili lilikuwa bado mezani,
faluda imelegea kwa joto, zabibu imezama hadi chini.
Twalib akauliza kama yaliwa.
Hakuna aliyemjibu.
Akachukua kijiko, akaila pande zote, polepole,
mkono wake mwepesi sasa,
zabibu akaiacha.